Jinsi Roboti Ndogo Zinavyobuniwa Ziruke kama Panzi na Viroboto

Mvua za kwanza zinaponyesha Dodoma, kwa kawaida mwezi Desemba, majani huchipua kando ya mashamba ya mtama na uwele, na panzi huonekana kila mahali. Mdudu mwenye uzito wa gramu 2 hivi huruka umbali ambao ni mara nyingi ya urefu wa mwili wake, hutua juu ya bua linaloyumba, na baada ya muda mfupi huwa tayari kuruka tena. Wahandisi wanaobuni roboti ndogo wamemchunguza mdudu huyu na jamaa zake kwa muda mrefu, na makala haya yanaeleza walichokitafuta kwake, walichokipata, na mahali ambapo walilazimika kumwacha wakashika njia yao wenyewe.

Sababu ya kutaka kuruka ni ardhi yenyewe. Gurudumu huvuka kwa urahisi kikwazo ambacho kimo chake ni pungufu ya nusu ya kipenyo chake. Kikwazo kikizidi hapo, gurudumu hukwama. Trekta halisumbuliwi na bonge la udongo lenye kimo cha sentimita 10, lakini roboti yenye urefu wa sentimita 5 haiwezi kulipita kabisa, na shamba la karanga la Kongwa, lenye matuta, mawe na mabua ya msimu uliopita, lina vikwazo vya namna hiyo kila baada ya hatua chache. Kwa hiyo kadiri mashine inavyopunguzwa ukubwa, ndivyo ardhi ileile inavyozidi kuwa ngumu kupitika. Kupaa kwa mapanga kama droni ni njia mojawapo ya kukwepa taabu hiyo, ila droni hutumia nishati kila sekunde hata inapoelea mahali pamoja bila kwenda popote, na zile ndogo hudumu hewani kwa dakika chache tu. Roboti inayoruka kwa miguu hutumia nishati mara moja kwa kila kikwazo, kisha inaweza kutulia chini, ikapima inachotakiwa kupima, na ikasubiri saa nzima bila kutumia karibu chochote.

Hapa inafaa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu atadhani kwamba anachohitaji ni mota yenye nguvu zaidi. Chukua roboti yenye uzito wa gramu 10 inayotakiwa kuruka kimo cha mita 1. Nishati inayohitajika ni uzito wake kwa kilo, mara mvutano wa dunia, mara kimo, yaani 0.01 × 9.8 × 1, ambayo ni takriban jouli 0.1. Hicho ni kiasi kidogo mno, kwani betri ya lithiamu yenye uzito wa gramu 1 hubeba mamia ya jouli. Ugumu haupo kwenye kiasi cha nishati, upo kwenye muda. Ili kufika mita 1, roboti lazima iache ardhi ikiwa na kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, na kasi hiyo yote lazima ipatikane wakati mguu ungali unagusa ardhi, kwani mguu ukishanyanyuka hakuna tena cha kusukuma. Ikiwa mguu unaweza kunyooka kwa sentimita 4, na kasi ikaongezeka kwa usawa kutoka sifuri, roboti ina takriban milisekunde 18 tu za kufanya kazi hiyo. Kutoa jouli 0.1 ndani ya milisekunde 18 ni kutoa nishati kwa kiwango cha wati 5.5 hivi, ilhali mota yenye uzito wa gramu moja au mbili, baada ya hasara za gia zake, haiwezi kutegemewa kutoa hata wati 1. Ukiweka mota kubwa zaidi, uzito wa roboti unaongezeka, nishati inayohitajika inaongezeka nayo, na unajikuta palepale ulipoanza.

Hali inazidi kuwa ngumu kadiri mwili unavyokuwa mdogo. Mguu unaonyooka kwa sentimita 1 tu, kwa kimo kilekile cha mita 1, una milisekunde 4.5, na kila kilo ya mwili inadai zaidi ya wati 2,000, wakati misuli ya wanyama hutoa wati mia kadhaa tu kwa kila kilo ya misuli. Swala mwenye miguu mirefu anaweza kujirusha kwa misuli yake moja kwa moja kwa sababu miguu hiyo inampa muda. Kiroboto hana muda huo. Hakuna msuli, wa mdudu wala wa mnyama yeyote, unaoweza kukaza haraka kiasi cha kumrusha kiroboto namna anavyoruka.

Jibu la wadudu linaeleweka vizuri na yeyote aliyewahi kutumwa kuamia ndege shambani akiwa na manati. Jiwe likirushwa kwa mkono mtupu haliwafikii kwelea kwelea walio ng'ambo ya shamba, lakini mkono uleule ukivuta mpira wa manati polepole na kisha kuachia, jiwe huenda mbali zaidi. Mkono haukuongezewa nguvu. Umepewa muda wa kuijaza nishati kwenye mpira, na mpira ndio unaoitoa yote kwa mkupuo. Kwa roboti yetu ya gramu 10, mota inayotoa wati 0.1 tu inaweza kuijaza springi kwa sekunde moja, na springi ikaitoa nishati hiyo ndani ya milisekunde 18. Kila roboti ndogo inayoruka vizuri, kwa namna moja au nyingine, imejengwa juu ya wazo hilo.

Panzi na nzige wanalitekeleza kwa ufundi unaostahili kuelezwa taratibu. Mguu wa nyuma una paja nene lililojaa misuli na muundi mrefu mwembamba, na ndani ya paja kuna misuli miwili inayopingana: mkubwa wa kunyoosha mguu na mdogo wa kuukunja. Kabla ya kuruka, nzige hukunja mguu kabisa, kisha hukaza misuli yote miwili kwa pamoja. Mtu angetarajia kwamba mkubwa utamshinda mdogo papo hapo, lakini sivyo, kwa sababu mguu ukiwa umekunjwa kabisa, kano ya msuli mdogo hupita juu ya kinundu kilichomo ndani ya goti, na kinundu hicho huipa kano hiyo wenzo mzuri, huku msuli mkubwa ukivuta karibu sambamba na mguu na kukosa wenzo. Msuli mkubwa unaendelea kukaza kwa sehemu ya sekunde bila mguu kusogea, na kazi yake yote inaishia kupinda sehemu ngumu za mwili: kano yake yenyewe, na vipande viwili vya gamba vyenye umbo la hilali vilivyo pande mbili za goti. Kisha msuli mdogo hulegea. Mguu hunyooka kwa takriban milisekunde 25 hadi 30, na nzige huondoka kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Henry Bennet-Clark, aliyechapisha hesabu ya nishati ya mruko wa nzige wa jangwani mwaka 1975, alipata kwamba mruko mmoja unahitaji takriban milijouli 9 hadi 11, na kwamba nishati hiyo imegawanyika kati ya kano na hilali zile za goti.

Kwa maoni yangu, jambo la kuangaliwa zaidi katika maelezo hayo ni kile kinundu cha goti. Springi kila mtu anaifikiria. Kazi ngumu ni kuizuia springi iliyojaa, kuizuia kwa nguvu kidogo, na kuiachia ghafla bila kupoteza nishati kwenye msuguano. Komeo la kawaida la chuma linalobeba kani yote ya springi huhitaji nguvu kubwa kulichomoa, na huchakaa upesi. Nzige ametatua shida hiyo kwa mpangilio wa pembe peke yake: mguu ukiwa umekunjwa, kani ndogo inaizuia kubwa, na ukishaanza kufunguka, wenzo wa msuli mkubwa unaongezeka hatua kwa hatua hadi mguu umenyooka.

Kiroboto na jamaa zake wamekwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo. Mwaka 1967 Bennet-Clark na Lucey walieleza kwamba kiroboto huhifadhi nishati kwenye kipande cha resilini, protini yenye kunyumbuka ambayo Torkel Weis-Fogh alikuwa ameieleza mwaka 1960, na ambayo hurudisha karibu nishati yote iliyowekwa ndani yake. Anayewashinda viroboto ni mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mimea, ambaye tunutu wake hujificha ndani ya povu jeupe kwenye mashina. Malcolm Burrows wa Cambridge alionyesha mwaka 2003 kwamba mdudu huyo, mwenye uzito wa miligramu 12 hivi, huruka hadi sentimita 70, na kwamba mwili wake huongeza kasi kwa mita 4,000 kwa sekunde katika kila sekunde, zaidi ya mara 400 ya mvutano wa dunia, kwa muda usiofika milisekunde 1.

Roboti zilizofuata mafunzo hayo ni nyingi, nami nitataja zile ambazo kila moja inafundisha jambo lake. Mwaka 2008 Mirko Kovač na wenzake wa taasisi ya EPFL huko Lausanne, Uswisi, walionyesha roboti ya gramu 7, yenye kimo cha sentimita 5, iliyoruka takriban mita 1.4. Mota yake ndogo ilizungusha, kupitia gia, kipande cha plastiki ambacho ukingo wake unazidi kuwa mbali na kitovu kadiri kinavyozunguka, kisha unakatika ghafla. Ukingo ulipokuwa ukizidi, springi ilijazwa. Ulipokatika, mguu ulifyatuka. Huo ni ufumbuzi mzuri wa tatizo la komeo, kwa kuwa mota inayojaza springi ndiyo hiyohiyo inayofyatua, bila kifaa cha pili, na roboti iliweza kuruka tena kila baada ya sekunde 3. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na Chuo cha Ort Braude nchini Israeli walitoa roboti iliyofuata umbo la nzige, yenye uzito wa gramu 23 na urefu wa sentimita 13 hivi, mwili wake ukiwa wa plastiki iliyochapwa kwa printa ya pande tatu, miundi yake ikiwa fito za nyuzi za kaboni, na springi zake za chuma. Iliruka zaidi ya mita 3 kwenda juu.

Mwaka huohuo wa 2015 timu ya Seoul, Korea Kusini, pamoja na wenzao wa Harvard, ilitengeneza roboti ya miligramu 68 inayoruka kutoka juu ya maji, kwa kufuata wale wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji yaliyotulia, kama tunaowaona kando ya bwawa la Hombolo. Kwenye maji kanuni inageuka. Mguu ukisukuma kwa kishindo, ngozi ya maji inapasuka na nishati inazama. Kwa hiyo roboti hiyo ililazimika kusukuma kwa kani iliyokua taratibu na kubaki chini ya kile ambacho uso wa maji unaweza kubeba. Iliruka sentimita 14, karibu sawa na ilivyoruka kutoka kwenye ardhi ngumu. Nitalirudia jambo hilo nikifika kwenye mchanga wetu.

Mahali ambapo wahandisi walimwacha mdudu panaonekana wazi katika kazi ya Elliot Hawkes na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, iliyochapishwa mwaka 2022. Mdudu hujaza springi yake kwa mkazo mmoja tu wa msuli. Msuli ukishafupika hadi mwisho, hakuna nishati zaidi ya kuongeza, na kwa hiyo mdudu hana faida ya kuwa na springi kubwa kuliko ambavyo mkazo mmoja unaweza kuijaza. Mota haina mpaka huo. Inaweza kuzungusha uzi kwenye kigurudumu mzunguko baada ya mzunguko, ikaongeza nishati kidogo kidogo hata kwa dakika nzima. Ndiyo maana roboti yao ya gramu 30, yenye kimo cha sentimita 30, ilijengwa kinyume na mdudu: mota ndogo sana na springi kubwa sana ya pinde za nyuzi za kaboni zilizounganishwa kwa mikanda ya mpira. Iliruka takriban mita 33, kimo kinacholingana na jengo la ghorofa kumi, na hakuna mnyama anayekaribia kiwango hicho.

Hata hivyo kimo si kipimo ninachokiona kuwa muhimu zaidi. Mashine inayofika mita 33 kisha ikadondoka chali, ikahitaji mtu kuiokota na kuitega upya, haijavuka shamba. Kwa kazi ya kweli ni bora roboti inayoruka nusu mita mara mia mbili, ikijua inaelekea wapi. Katika jambo hilo mfano bora ninaoufahamu haukutoka kwa mdudu, ulitoka kwa komba, mnyama mdogo wa usiku ambaye hata huku kwetu kati ya Tanzania anaishi kwenye migunga. Komba anaweza kupanda mita 8.5 kwa kuruka mara 5 ndani ya sekunde 4. Duncan Haldane na wenzake wa Berkeley walikokotoa kipimo kinachounganisha kimo cha mruko na muda wa kujiandaa kwa mruko unaofuata, wakapata mita 2.24 kwa sekunde kwa komba na mita 1.75 kwa roboti yao ya gramu 100 iitwayo Salto, waliyoitangaza mwaka 2016. Kipimo hicho kinamhukumu mbunifu kwa haki zaidi kuliko kimo peke yake.

Mwelekeo nao una matatizo yake. Kani ya mguu isipopita katika kitovu cha uzito wa mwili, sehemu ya nishati huenda kwenye kuuzungusha mwili badala ya kuuinua, na roboti hubiringika hewani. Miguu miwili isipofyatuka kwa pamoja, mwili huenda upande. Katika mruko wa milisekunde 2, kuchelewa kwa sehemu ndogo ya milisekunde kunatosha kuharibu kila kitu, na mishipa ya fahamu haina wepesi wa kusawazisha tofauti hiyo. Mwaka 2013 Burrows na Gregory Sutton walieleza jinsi tunutu wa mdudu aitwaye Issus anavyolimaliza tatizo hilo: kwenye mizizi ya miguu yake ya nyuma kuna safu za meno 10 hadi 12 yanayoshikana kama gia za mashine, hivyo mguu mmoja hauwezi kusogea bila mwingine, na tofauti kati yao haizidi sehemu 30 kati ya sehemu milioni moja za sekunde. Mdudu akikomaa meno hayo hutoweka. Kwa mbunifu somo lake halina utata: miguu miwili iunganishwe kwa gia au kwa mhimili mmoja, isiachwe ifyatuliwe na mota mbili zinazotegemea programu kulingana.

Upinzani wa hewa nao hula sehemu kubwa zaidi ya mruko kadiri mwili unavyokuwa mdogo, kwa kuwa uzito hupungua haraka kuliko eneo la mwili. Dodoma, iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, na roboti ya gramu chache itapata faida ndogo kwa sababu hiyo. Jua na vumbi vyetu havina huruma kama hiyo. Mpira wa asili hubeba nishati nyingi mno kwa kila gramu, zaidi ya mara kumi ya chuma cha springi, lakini jua huupasua, na ukiachwa umevutwa kwa muda mrefu hulegea. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma au fundi wa VETA anayeanza na vipande vya tubu ya baiskeli na mota ya gari la kuchezea anaweza kujifunza karibu kila nilichoeleza hapa, mradi auvute mpira pale tu anapotaka kuruka, na azifunike gia zisiingiwe na vumbi la kiangazi.

Chombo cha kwanza anachokihitaji tayari kipo kwenye simu nyingi, nacho ni video ya mwendo wa polepole. Kwa picha 240 kwa sekunde, mruko wa nzige wa milisekunde 30 hutoa picha 7, zinazotosha kuona mguu ukinyooka na mwili ukianza kuinama. Wa mdudu yule wa povu hautatoa hata picha moja kamili. Kwa roboti yenye mguu wa sentimita 4 picha zitakuwa 4 au 5, na kutokana nazo inawezekana kukadiria kasi ya kuondoka, kisha kuilinganisha na nishati iliyowekwa kwenye mpira ili kujua ni kiasi gani kimepotea njiani.

Sehemu kubwa ya upotevu huo haimo ndani ya roboti, imo ardhini. Watu hutaja matumizi mengi ya mashine za namna hii, na baadhi yanatugusa: kupima unyevu wa udongo katika mashamba ya mtama, au kutafuta matunutu wa nzige wekundu kwenye nyika ya Wembere, kati ya Singida na Tabora, ambayo ni mojawapo ya mazalia yao yanayojulikana. Lakini udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na roboti ya sentimita 5 itatumbukia humo kabla haijaona nzige hata mmoja, isipoweza kuruka wima kutoka ndani ya ufa na kubadili mwelekeo ikifika juu. Kwenye mchanga wa makorongo shida ni ileile ya maji ya Seoul: mguu mwembamba unaosukuma kwa kishindo huzama, na nishati huishia kurusha punje za mchanga. Unyayo mpana na kani inayokua taratibu huokoa sehemu kubwa, kwa gharama ya uzito zaidi mwishoni mwa mguu, mahali ambapo kila gramu inapunguza kasi. Kwa hiyo mbunifu wa huku apime kimo cha mruko mara mbili, kwanza juu ya sakafu ya saruji na kisha juu ya mchanga mkavu wa korongo. Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo itakayomwonyesha unyayo uwe na upana gani, kabla hajaongeza hata mkanda mmoja wa mpira.